Kutumia "by" ya Kiingereza: mwongozo kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Kila muhula wa masomo ya jioni kwa watu wazima, swali hili halikosi kurudi: "Mwalimu, 'by' maana yake ni 'na' au ni 'kwa'?" Anayeuliza huwa ameshatazama kamusi, akakuta humo "na", "kwa", "kando ya", "karibu na", "kufikia" na mengine, akaifunga akiwa amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyoifungua. Nimemwandikia yeye mwongozo huu. Neno hilo halina mwenzake mmoja katika Kiswahili, na anayeendelea kumtafuta mwenzake huyo ataendelea kukosea. Hata hivyo, "by" hujibu maswali machache yanayojulikana, na ukishajua ni swali gani linajibiwa katika sentensi yako, utajua papo hapo kama inafaa au haifai.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Uwe na daftari na kalamu, kwa sababu kazi kubwa ya mwongozo huu ni ya kuandika. Uwe pia na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi, ambayo chini ya kila maana huweka sentensi ya mfano. Kamusi ya lugha mbili itakupa orodha ya maneno tu, na orodha ndiyo iliyokuchanganya tangu mwanzo. Tafuta ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza, hata la juma lililopita. Mwisho, uwe unalitambua umbo la tatu la vitenzi vya Kiingereza, kama "built", "written", "taken" na "broken", kwa kuwa bila umbo hilo hatua ya pili haitaeleweka. Kama bado hulijui, kamusi nyingi za wanafunzi zina jedwali lake kurasa za mwisho. Lisome kwanza, kisha urudi.

Tahadhari moja ya mapema: "by", "buy" na "bye" hutamkwa sawasawa kabisa, yaani "bai". Sikio haliwezi kuyatenganisha, lakini kalamu ni lazima iyatenganishe. "Buy" ni kununua, "bye" ni kuaga, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili linaloweza kukaa mahali pa "by".

Hatua ya 1. Andika swali juu ya kila "by"

Nakili sentensi hizi nne katika daftari, ukiacha mstari mmoja mtupu juu ya kila sentensi:

"Fort Jesus stands by the sea."
"It was built by the Portuguese."
"By 1700 it had been taken by the Omanis."
"You can get there by tuk-tuk."

Sasa, katika ule mstari mtupu, andika juu ya kila "by" swali linalojibiwa. Ya kwanza inajibu "wapi?", kwa maana ngome imesimama kando ya bahari. Ya pili inajibu "nani?", kwa maana Wareno ndio walioijenga. Sentensi ya tatu ina "by" mbili, moja ikijibu "kufikia lini?" na nyingine ikijibu "nani?". Ya mwisho inajibu "kwa usafiri gani?". Neno ni moja, mji ni ule ule wa Mombasa, lakini maswali ni manne. Usiipite hatua hii hata kama unaiona nyepesi, kwa sababu zote zinazofuata zinaitegemea.

Hatua ya 2. Swali la "nani?"

Anzia hapa, kwani ndipo Kiswahili kinapokusaidia zaidi. Katika kauli ya kutendwa, Kiswahili humtaja mtenda kwa "na", na Kiingereza humtaja kwa "by". "Ngome ilijengwa na Wareno" huwa "The fort was built by the Portuguese". "Barua imesainiwa na mwalimu mkuu" huwa "The letter has been signed by the headteacher". Andika sentensi tano za namna hiyo kuhusu vitu vilivyo nyumbani kwako, ukieleza nani alikijenga, alikishona, alikipika au alikivunja kila kimoja.

Kazi ya mtunzi nayo huingia hapa, ijapokuwa Kiswahili hakina "na" mahali hapo. Sisi husema "shairi la bibi yangu", ilhali Kiingereza husema "a poem by my grandmother", maana yake ni kwamba bibi ndiye aliyelitunga.

Tahadhari. Si kila "na" inayofuata kitenzi cha kutendwa hugeuka kuwa "by", na kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni la kuolewa. Mwanafunzi anataka kusema "Dada yangu ameolewa na Juma", naye anaandika "My sister was married by Juma". Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba Juma ndiye padri au kadhi aliyefungisha ndoa hiyo. Sentensi sahihi ni "My sister is married to Juma". Vivyo hivyo, "Anajulikana na kila mtu" ni "He is known to everyone", na "Meza imefunikwa na vumbi" ni "The table is covered with dust" au "in dust". Kuhusu "nimeshikwa na njaa", usiigeuze neno kwa neno kwa namna yoyote ile; Kiingereza husema tu "I am hungry".

Hatua ya 3. Mtenge mtenda na kifaa chake

Kiswahili hutumia "na" kwa mtu na "kwa" kwa kifaa: "Mbuzi alichinjwa na mjomba kwa kisu kikali." Kiingereza nacho hutenganisha, ila mgawanyo wake ni "by" kwa mtenda na "with" kwa kifaa: "The goat was slaughtered by my uncle with a sharp knife." Shida huzuka pale mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kwamba "by" ni "kwa" anapoandika "I cut the bread by a knife". Kisu hakikati mkate chenyewe. Kuna mkono uliokishika, na penye mkono pana "with".

Tazama sentensi hizi mbili kwa makini:

"The window was broken by a stone."
"The window was broken with a stone."

Katika ya kwanza, jiwe limechukua nafasi ya mtenda: labda liliporomoka mlimani, au lilirushwa na gurudumu la lori, na hakuna aliyekusudia. Katika ya pili yupo mtu aliyeliokota na kulitumia. Kwa polisi anayeandika maelezo, tofauti hiyo ya neno moja ni tofauti kati ya ajali na kosa la jinai.

Hatua ya 4. Swali la "kwa njia gani?"

Hapa "kwa" na "by" hukutana vizuri: "by bus", "by ferry", "by motorbike", "by train", vilevile "by phone", "by letter", "by email". Kanuni ni moja, na haina mzaha: baada ya "by" ya usafiri au ya mawasiliano, jina hukaa peke yake, bila "the", bila "a", bila "my". "I came by the bus" ni kosa, na "I came by my brother's car" ni kosa pia. Ukitaka kulitaja gari fulani, "by" huondoka na kihusishi kingine huingia: "in my brother's car", "on the seven o'clock bus". Mtembea kwa miguu naye ana msemo wake, "on foot".

Njia inaweza kuwa kitendo badala ya chombo. Hapo kitenzi kinachofuata "by" hupewa "-ing" mwishoni: "She learned English by listening to the radio", yaani alijifunza Kiingereza kwa kusikiliza redio. Kumbuka kwamba Kiswahili huweka "ku" baada ya "kwa", ndiyo maana wengi huandika "by to listen". Ile "ku" ya Kiswahili mahali hapa haifanani na "to". Inafanana na "-ing".

Hatua ya 5. Swali la "kufikia lini?"

Hatua hii ipe muda kuliko nyingine zote, kwa sababu kosa lake haliishii kwenye daftari. Miaka iliyopita, nikiwa karani wa ofisi moja, nilimwandikia mgeni ujumbe huu: "I will be in the office by five." Nilikusudia kumjulisha kwamba ningekuwepo mpaka saa kumi na moja jioni, kisha ningefunga. Yeye alisoma kile nilichokiandika, yaani kwamba kufikia saa kumi na moja ningekuwa nimeshafika, akapanga safari yake kwa hesabu hiyo. Alikuja saa kumi na moja na nusu kwa basi kutoka Morogoro, akakuta kufuli mlangoni. Nilipaswa kuandika "until five".

Chanzo cha kosa ni kwamba "hadi" na "mpaka" za Kiswahili hubeba mzigo wa maneno yote mawili. Fuata mpangilio huu kila unapotaka kutaja kikomo cha muda:

a) Kiangalie kitenzi. Kama ni cha hali inayoendelea bila kukatika, kama kukaa, kusubiri, kulala au kufanya kazi, neno lako ni "until": "Wait until Friday."

b) Kama ni kitenzi cha jambo linalotokea mara moja likaisha, kama kufika, kulipa, kurudisha au kumaliza, neno lako ni "by": "Pay by Friday."

c) Thibitisha kwa Kiswahili. Jaribu kuweka "isizidi" kabla ya siku au saa hiyo. "Lipa, isizidi Ijumaa" inakaa sawa, basi ni "by". "Subiri, isizidi Ijumaa" imebadilisha maana ya ulichotaka kusema, basi si "by".

d) Hakikisha kinachofuata ni nukta ya wakati, siyo urefu wa wakati. "By Monday" na "by noon" ni sahihi, lakini kwa kumaanisha "ndani ya siku mbili" huwezi kuandika "by two days". Andika "within two days".

"By Friday" inaijumuisha Ijumaa yenyewe, ambapo "before Friday" inaiacha nje. Anayeleta fomu Ijumaa asubuhi amefuata agizo la kwanza, ila amechelewa kwa agizo la pili.

Rudi sasa kwenye ile sentensi ya Fort Jesus. "By 1700" haisemi kwamba ngome ilitwaliwa mwaka 1700. Waomani waliitwaa mwaka 1698, baada ya kuizingira tangu 1696. Sentensi inasema tu kwamba mwaka 1700 ulipoingia, jambo hilo lilikuwa limeshatokea. Ndiyo maana kitenzi chake ni "had been taken", na ndiyo maana "By the time we arrived, the bus had left" hutafsiriwa vizuri kwa "Tulipofika, basi lilikuwa limeshaondoka". Ikiwa unazungumzia wakati ujao, kitenzi kinachofuata "by the time" hubaki katika wakati uliopo: "By the time you arrive, I will have cooked." Usiandike "by the time you will arrive".

Tahadhari ya saa. Kabla ya kuandika "by" na saa, geuza saa ya Kiswahili. "Fika isizidi saa tatu asubuhi" ni "Be here by nine". Ukiandika "by three", mwenzako anaweza kujipanga kuja saa tisa alasiri.

Hatua ya 6. Swali la "wapi?"

Hii ndiyo maana ya kale zaidi ya neno hili, nayo ni nyepesi. "By" humaanisha kando kabisa, kiasi cha kuweza kugusa au kutazama: "by the window", "by the road", "by the well". Kwa umbali wa kusafiri, tumia "near": Bagamoyo ni "near Dar es Salaam", siyo "by Dar es Salaam". Penye kitenzi cha mwendo, "by" huleta maana ya kupita: "He walked by me without a greeting", yaani alinipita bila salamu.

Hatua ya 7. Swali la "kwa kiasi gani?"

Msomaji wa habari za bei na takwimu ajifunze hatua hii kwa bidii. "By" hutaja ukubwa wa badiliko, na "to" hutaja mahali badiliko lilipofikia. Tuseme kilo ya sukari ilikuwa shilingi 3,000. "The price rose by 500 shillings" inaifikisha 3,500, na "The price rose to 3,500 shillings" inatoa habari hiyo hiyo kwa kutaja ilipofikia. Anayeandika "rose to 500" amesema bei imepanda kwa kushuka, na hakuna atakayemwelewa.

Tofauti kati ya vitu viwili hutajwa vivyo hivyo. Kilimanjaro una mita 5,895 na Mlima Kenya una mita 5,199. Kwa hiyo "Kilimanjaro is higher than Mount Kenya by 696 metres". Vipimo vya eneo navyo huja na "by": chumba cha mita nne kwa tatu ni "four metres by three". Katika hesabu, kugawanya kwa nne ni "divided by four", lakini "tatu mara nne" ni "three multiplied by four", na hapo Kiswahili kinaitumia "mara".

Kuna jambo dogo linalowatatiza hata waliobobea. Kipimo cha kuuzia au cha kulipia hudai "the": nyanya huuzwa "by the kilo", na kibarua hulipwa "by the day". Katika hatua ya nne tuliiondoa "the", na hapa tunairudisha. Usizichanganye hatua hizo mbili.

Hatua ya 8. Misemo ya kukariri

Hii haina kanuni. Iandike kwenye ukurasa wake na uizoee: "by hand" ni kwa mkono, "by mistake" ni kwa makosa, "by chance" ni kwa bahati, "by heart" ni kwa moyo, kama tunavyosema amehifadhi sura kwa moyo. "By myself" ni peke yangu. "One by one" ni mmoja mmoja, na "little by little" ni kidogo kidogo. Angalia kwamba Kiswahili hurudia neno mahali ambapo Kiingereza hupachika "by" katikati.

Hatua ya 9. Lifungue gazeti

Chukua ule ukurasa wako, uzungushie duara kila "by", na juu ya kila moja uandike swali kama ulivyofanya katika hatua ya kwanza. Usitafsiri chochote kabla ya kumaliza kuandika maswali. Jina la mwandishi lililo chini ya kichwa cha habari mara nyingi litakuwa "by" yako ya kwanza, nayo inajibu "nani?".

Ukikwama

*Sijui kama nimtaje mtenda.* Mara nyingi huna haja. "My phone was stolen" imekamilika. Kuongeza "by someone" hakuongezi habari yoyote. Mtaje pale tu utambulisho wake unapokuwa na maana.

*Nina "by" mbili katika sentensi moja.* Si kosa, mradi kila moja inajibu swali lake. Zote mbili zikija baada ya kitenzi, mtenda hutangulia, kikomo cha muda hufuata: "The form must be signed by the headteacher by Friday."

*Nimetumia "by" kila palipo na "kwa", na kazi yangu imerudi na alama nyekundu.* Rudi kwenye kila "kwa" uliyoiandika. "Kwa Kiswahili" ni "in Swahili". "Kwa miaka miwili" ni "for two years". "Kwa furaha" ni "with joy". "Kwa daktari" ni "at the doctor's" au "to the doctor's". Zinazobaki baada ya kuziondoa hizo, na baada ya kuviondoa vifaa vya hatua ya tatu, ndizo zenye haki ya kuwa "by".

*Sentensi ina maana mbili.* Soma "The child was found by the river". Aliyezoea hatua ya pili peke yake atasema mto ulimpata mtoto. Jiulize kama nomino inayofuata inaweza kukifanya kitendo hicho. Mto hauwezi kumtafuta mtu, basi swali si "nani?" bali ni "wapi?": mtoto alipatikana kando ya mto. Lakini ikiwa ni "The child was found by the fisherman", mvuvi anaweza, naye ndiye aliyempata.